Barua ya wazi kwa viongozi wa Nyanda za Juu Kusini: diski za gemu zisiishie jalalani

Kwa:
Wakuu wa Mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe,
Wakurugenzi wa Halmashauri za mikoa hiyo,
Wasimamizi wa maktaba za mikoa na makumbusho,
Maofisa wa Forodha na Posta.

YAH: OMBI LA KABATI MOJA LA GEMU KATIKA KILA MAKTABA YA MKOA, PAMOJA NA MAMBO MENGINE MACHACHE

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaanza na ombi lenyewe ili msome mkijua tunaelekea wapi. Tunaomba kabati moja lenye kufuli, upana wa mita moja, rafu nne, katika maktaba ya kila mkoa wa nyanda hizi, la kutunzia gemu za video zilizotoka kwa diski na kaseti, pamoja na mashine chache za kuzichezea. Tunaomba pia kwamba halmashauri inapofunga banda la gemu au kusafisha stoo, vitu vilivyomo vipitiwe na mtu anayevijua kabla gari la taka halijafika. Yanayohusu Forodha na lebo za madukani tutayafikia.

Tuondoe kwanza mkanganyiko mmoja. Hatuzungumzii mashine za kubeti. Mashine ya kamari hupokea fedha na kulipa fedha, na mambo yake yako chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. PlayStation haimlipi mtu. Anayeingia bandani analipia muda wa kucheza, kama anavyolipia meza ya puli. Leseni ya biashara na saa za shule ni habari nyingine, na hapo hatubishani na ofisa yeyote.

Sasa, kwa nini diski, wakati dunia nzima inapakua?

Kwa sababu dunia nzima hiyo sisi hatumo. Mtu wa Mbeya akiwasha PlayStation mpya na kuulizwa anaishi nchi gani, Tanzania haimo kwenye orodha. Kusini mwa Sahara iliyomo ni Afrika Kusini. Kwa hiyo kijana wa Mwanjelwa anajiandikisha kama mkazi wa London au Chicago, anatafuta kadi ya malipo yenye herufi na tarakimu 12 kutoka kwa mtu asiyemjua, na anakuwa ameshadanganya kabla hajacheza hata dakika moja. Siku kampuni ikiamua kuhakiki anwani, hana pa kushika: gemu alizolipia ziko ndani ya akaunti, na akaunti ni ya mtu wa London ambaye hayupo. Hawezi kumuuzia jirani, hawezi kumwazima mdogo wake bila kumpa nywila, na akifariki hakuna cha kurithi. Diski haiulizi unaishi wapi.

Ongezeni bando. Gemu kubwa ya leo hufika GB 100. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde isiyokatika, upakuaji wake unachukua kama saa 22. Isiyokatika, tumesema.

Kisha kuna suala la duka lenyewe kufungwa. Nintendo ilisimamisha mauzo ya intaneti kwa mashine zake za 3DS na Wii U tarehe 27 Machi 2023. Microsoft ilifunga duka la Xbox 360 tarehe 29 Julai 2024. Mwaka 2023, jina la FIFA lilipotenganishwa na gemu za mpira za kampuni ya EA, matoleo ya zamani ya mfululizo huo yaliondolewa kwenye maduka ya intaneti. Yaani ile FIFA iliyojaza mabanda ya Kabwe na Miyomboni kwa miaka, leo anayeitaka upya kwa njia halali anatafuta diski iliyotumika. Mwaka huohuo taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya gemu ilitoa utafiti: kati ya gemu zilizotolewa nchini humo kabla ya 2010, asilimia 87 hazipo tena sokoni. Kama hali ni hiyo kwao, wenye viwanda na maduka yote, basi hapa kwetu kilichobaki ni kile kilichomo ndani ya mabanda na chini ya vitanda.

Hatutawadanganya kwamba diski ni dawa ya kila kitu. The Crew ya Ubisoft iliuzwa kwa diski tangu 2014. Seva za kampuni, ambazo gemu ilizitegemea, zilipozimwa tarehe 31 Machi 2024, diski ile haikufungua tena gemu. Concord ya Sony ilitoka tarehe 23 Agosti 2024 ikaondolewa tarehe 6 Septemba, wiki mbili tu, na boksi lake sasa ni pambo. Fedha zilirudishwa, lakini gemu haipo. Ndiyo maana mkusanyaji makini haulizi kama ni diski. Anauliza kuna nini ndani ya diski.

Hapo sokoni pamechafuka, na hapo ndipo tunapomhitaji mlinzi wa mlaji. Maboksi yanayofanana kwa sura yako ya aina tatu. La kwanza lina gemu nzima: unaweka, inajisakinisha, unacheza. La pili lina nusu: diski inaanza, kisha inadai kupakua sehemu iliyobaki. La tatu halina gemu kabisa, ama karatasi yenye msimbo, ama kadi ambayo kazi yake ni ufunguo tu. Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025, ina kadi za namna hiyo ya mwisho. Unaichomeka, mashine inapakua gemu kutoka intaneti, na kila ukitaka kucheza lazima kadi iwemo. Unaweza kuiuza au kuiazima, hilo ni jema, lakini seva ikifungwa umebaki na kipande cha plastiki. Onyo liko mbele ya boksi, chini, kwa Kiingereza. Mnunuzi wa Tunduma anayelipa fedha taslimu anastahili kuliona kwa Kiswahili.

Tunaiomba Tume ya Ushindani (FCC) iwatake wauzaji waweke kwenye rafu moja ya lebo hizi: GEMU IMO YOTE, INAHITAJI KUPAKUA, au UFUNGUO TU. Si jambo geni duniani. Jimbo la California, tangu tarehe 1 Januari 2025, linamtaka muuzaji wa gemu za kupakua amweleze mnunuzi waziwazi kwamba anapewa leseni ya kutumia, hapewi mali. Muuzaji wa hapa akisema hajui boksi lake ni la aina gani, kipimo chake hakihitaji fundi. Zima intaneti ya mashine. Futa gemu ile kama ilikuwa imeshasakinishwa, na masasisho yake yote. Weka diski, subiri isakinishe, kisha cheza walau hadi hatua ya pili. Menyu peke yake haitoshi, kwa sababu ziko zinazoonyesha menyu na mchezo wa mafunzo, halafu zinasimama. Ikifika hapo bila kudai mtandao, ni aina ya kwanza.

Mtego mwingine kwa wanunuzi wa huku, kwa kuwa diski zinapanda kutoka Afrika Kusini kupitia Zambia na nyingine zinashuka kutoka Dar es Salaam zikiwa na asili ya Marekani: diski ya PlayStation 4 hucheza kwenye mashine ya nchi yoyote, lakini nyongeza zake za kununua zinataka akaunti ya eneo lilelile la diski. Diski ya Afrika Kusini huwa ya kundi la Ulaya. Ukiwa na akaunti ya Marekani, nyongeza uliyolipia haitaiona gemu.

Na mashine zenyewe zinafungwa mlango. Xbox Series S haina tundu la diski tangu 2020. PlayStation 5 Pro ya Novemba 2024 imekuja bila kisomaji cha diski. Unakinunua pembeni, na kukiunganisha mara ya kwanza kunahitaji intaneti. Maktaba itakayonunua mashine hiyo inunue na kisomaji siku hiyohiyo, iviunganishe, ijaribu, kisha iviweke pamoja daima.

Turudi kwenye mabanda, kwa sababu utajiri wa nyanda hizi uko humo.

Banda la kawaida lina PlayStation 2 au 3, siku hizi 4, na diski zake ni mchanganyiko wa asili na za kuchoma. Anayepita kuchagua aanze na upande wa chini. Diski za PlayStation ya kwanza ni nyeusi. DVD za asili za PlayStation 2 ni za fedha. Za kuchoma huvutia zambarau au bluu-kijani, na juu zimeandikwa kwa kalamu au kubandikwa karatasi. Lakini angalieni: PlayStation 2 ina gemu zake za asili zilizotolewa kwa CD, na hizo mgongo wake ni wa buluu. Wengi huzitupa wakidhani ni za kuchoma, na miongoni mwake zimo zilizo adimu. Kinachoamua ni pete ya katikati: ya kiwandani ina namba zilizopigwa chapa na herufi IFPI, na juu ya lebo ina namba ya utambulisho, SLES kwa Ulaya, SLUS kwa Marekani, SLPS au SLPM kwa Japani.

Wako wakusanyaji wanaotaka tu boksi adimu lenye nailoni yake. Sisi tunaona maktaba isiende njia hiyo. Ichukue gemu za mpira ambazo kila mtu anazidharau, moja kwa kila mwaka, kwa sababu ndizo watu wa hapa walizocheza. PES 2014 ilitoka kwa PlayStation 2 mwezi Novemba 2013, miaka 13 baada ya mashine yenyewe kuzaliwa, na ni kwa ajili ya mabanda kama ya kwetu kwamba mashine ile iliishi muda wote huo. Tena msizitupe zote za kuchoma. Mkikuta iliyotiwa na fundi majina au jezi za timu za nyumbani, hiyo haipo katika mkusanyiko wowote wa Ulaya. Haraka yake ni kubwa zaidi: rangi inayobeba data kwenye diski ya kuchoma huharibiwa na jua na joto mapema kuliko alumini ya kiwandani. Inakiliwe kwanza, maswali baadaye.

Kaseti zina mambo yake. Zilizoenea hapa ni zile za mashine za kuunganisha na TV zilizoiga Famicom ya Japani, zenye pini 60. Ile iliyoandikwa gemu 999,999 huwa na chache tu, zinazorudiwa kwenye orodha kwa majina tofauti. Hilo nalo ni historia, na iandikwe idadi halisi kwenye kadi ya maktaba. Ndani ya nyingi hakuna chipu inayoonekana, kuna tone jeusi la gundi ngumu. Likifa halitengenezeki. Mara nyingi hata hivyo haijafa, imechafuka. Pini zisafishwe kwa pamba ya kijiti na alkoholi ya asilimia 90 au zaidi, kuelekea nje, mara mbili tatu mpaka pamba itoke nyeupe, kisha iachwe dakika kumi. Spiriti ya dawa ya asilimia 70 ina maji asilimia 30, kwa hiyo isubiriwe kukauka muda mrefu zaidi. Ufutio wa penseli unang'arisha kweli, lakini unakwangua dhahabu. Kupuliza kwa mdomo ni kutia mate kwenye shaba, na kutu hufuata.

Kaseti za asili zinazohifadhi hatua za mchezaji huwa na betri ndani, mara nyingi CR2032 ya volti 3, ndogo zaidi kwenye za Game Boy. Ikipima chini ya volti 2.7 ibadilishwe. Inachomelewa kwa vibati vyake, haibandikwi kwa selotepu, na ikitolewa kumbukumbu za zamani hupotea palepale. Mwenye kaseti aambiwe kabla.

Halafu TV ya chogo. Tunajua inavyoonekana: nzito, inakula nafasi, na kila ofisi inataka kuiondoa. Tunaomba moja ibaki kwa kila mkoa, inchi 14 inatosha. Bunduki ya plastiki ya gemu ya kupiga bata, kama ilivyotoka kiwandani, haifanyi kazi kwenye skrini bapa. Ukivuta kifyatulio, gemu inaifanya skrini nyeusi kwa muda mfupi mno, kisha inachora mraba mweupe pale alipo bata, na jicho la bunduki linategemea mwanga wa TV ya chogo unaochorwa mstari kwa mstari wakati uleule. Skrini bapa huchelewa, na bunduki hukosa. Bila TV ile, bunduki ni mwanasesere.

Kuhusu hali ya hewa, nyanda hizi zimependelewa kuliko pwani. Diski hupenda ubaridi na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Juni hadi Agosti Mbeya, Iringa na Njombe zinatupa ubaridi huo bure. Shida ni mvua, kuanzia Novemba mpaka masika yaishe, na kwa Tukuyu karibu mwaka mzima. Ukungu huanza kwenye kijitabu cha karatasi, unahamia kwenye diski, na kwenye PSP, mashine ya mkononi ya Sony, unaingia ndani ya ganda la diski yake ndogo ambako kitambaa hakifiki.

Kwa hiyo kabati lisimame sentimita 15 kutoka sakafuni na 10 kutoka ukutani, na ukuta huo usiwe wa nje. Mita moja ya rafu inabeba maboksi kama 70 yakisimama, kwa kuwa boksi moja lina unene wa milimita 14. Rafu tatu ni za maboksi, ya nne ni ya kaseti na pedi. Yasimame kama vitabu. Yakilazwa kwa rundo, la chini hubonyea na diski hupinda. Weka kipima unyevu kimoja ndani, na gramu 200 za silika jeli zenye kubadilika rangi kwa kila kabati. Ikibadilika, ichomwe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa tatu, inarudi kazini. Watu hutuuliza kama mchele unafaa badala yake. Mchele wa Kyela ni wa kupika: vumbi lake linakwaruza, na wadudu wanaukuta. Jiko la mkaa lisiingizwe chumba hicho wakati wa baridi, hata kama mtunza maktaba anatetemeka. Majivu yake hutua kwenye lenzi.

Kusafisha diski kunaua nyingi kuliko uzee. Kitambaa laini cha pamba, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Ukizungusha, mkwaruzo unafuata njia ya data. Kisomaji cha CD kinaweza kusahihisha pengo la takriban milimita 2.5 kwenye njia hiyo. Mkwaruzo wa kukatiza ni pengo dogo, wa kuzunguka ni pengo lisilokwisha. Dawa ya meno inasaidia mara chache kwenye CD, kwa sababu plastiki yake ina unene wa milimita 1.2 na kuna cha kung'arisha. Kwenye diski za PlayStation 3 na kuendelea data iko milimita 0.1 tu chini ya uso. Mkiisugua hiyo mmeimaliza. Petroli na thina haziguswi kabisa. Na upande wa lebo ndio dhaifu zaidi kwenye CD: chini ya rangi kuna ngozi nyembamba ya vanishi, kisha alumini moja kwa moja. Muhuri wa maktaba usigongwe hapo, wala stika ya namba isibandikwe. Inavuta alumini ikitolewa, na ikibaki inaifanya diski iyumbe ikizunguka. Namba iwe kwenye boksi.

Kabla ya kupokea diski, inueni mbele ya taa. Mkiona vitobo kama nyota, alumini imeanza kuoza, na hakuna fundi wa hilo. Ikiwa bado inasomeka, inakiliwe siku ileile.

Mashine za kuanzia ziwe nne: PlayStation 2, PlayStation 3, PlayStation 4 na moja ya kaseti. Kwa PlayStation 2 kubwa tunapendekeza SCPH-50004. Tarakimu ya mwisho ndiyo habari yote: 4 ni Ulaya na inataka volti 220 hadi 240 kama umeme wetu, 1 ni Marekani na inataka 120, 0 ni Japani na inataka 100. Ya Marekani ikichomekwa kwenye umeme wa TANESCO bila transfoma ya kushusha, sehemu ya umeme inaungua kwa sekunde moja, na kila mwaka kuna anayejifunza hivyo. Transfoma ya wati 100 inatosha kwa mashine hiyo. Fundi akiambiwa haisomi, asianze kwa kukaza kile kiskurubu cha nguvu ya lenzi. Ni njia ya mkato inayopendwa mabandani: diski za kuchoma zinasomeka mwezi mmoja, kisha lenzi inakufa. Aanze kwa kusafisha, kisha kupaka grisi nyepesi kwenye reli, na ikishindikana abadilishe lenzi nzima. Ya mashine hiyo ni KHS-400C. Ya PlayStation 2 nyembamba mara nyingi ni PVR-802W.

PlayStation 4 iwe na programu ya toleo 9.00 au la baadaye. Kabla ya hapo, betri ya CR2032 ya saa ikiisha na mashine haina mtandao, iligoma kufungua hata diski. Ikifunguliwa kwa usafi, chunguzeni sehemu ya umeme. Mende wa nyanda za baridi wanajua pa kuota moto, na maiti zao zinasababisha shoti. Betri za PSP zitolewe na zitunzwe nje ya mashine zikiwa na chaji nusu; iliyovimba isirudishwe kabatini.

Orodha ya maktaba iwe na namba ya utambulisho, eneo, hali ya diski, kama boksi na kijitabu vipo, na umri uliopendekezwa. PEGI 18, alama ya Ulaya ya gemu za watu wazima, ikae rafu ya juu yenye kufuli yake.

Nakala za data ni jambo linalohitaji karatasi kutoka juu. Diski za PlayStation 1 na 2 husomeka kwenye kisomaji cha DVD cha kompyuta ya kawaida. Gemu 200 za DVD ya safu moja, hata zikijaa zote, ni kama GB 940, kwa hiyo diski kuu mbili za TB 2 zinatosha, moja ikae Mbeya na nyingine Iringa. Kila nakala iandikiwe alama yake ya SHA-1, tarakimu na herufi 40, ili baada ya miaka kumi ijulikane kama imebadilika hata kwa biti moja. Lakini maktaba haitathubutu bila kujua inasimama wapi. Tunaiomba Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) itoe tafsiri ya maandishi ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999: je, maktaba ya umma inaweza kunakili gemu inayoimiliki kwa ajili ya hifadhi tu, bila kuiazima nakala hiyo?

Kwa Forodha na Posta. Hatuombi msamaha wa kodi. Tunaomba kitu kiitwe jina lake. Mashine za gemu ziko kwenye kifungu 9504.50, diski zilizorekodiwa ziko 8523.49. Mtumaji akiandika tu gemu, kifurushi chote huweza kuhesabiwa kama mashine. Tunawahimiza wenzetu waandike idadi ya diski na idadi ya mashine kwenye mistari tofauti, nanyi mzisome hivyo. Kifurushi kikilazimu kufunguliwa, kifunguliwe mbele ya mwenyewe, na nailoni ya kiwandani isichanwe pale ambapo mashine ya eksirei inatosha. Boksi lenye nailoni yake na lisilo nayo ni bei mbili tofauti kabisa. Diski zisirundikwe chini ya betri za magari, tafadhali.

Gharama ya haya ni kabati, kipima unyevu, silika na umeme kidogo. Gemu za kuanzia tutaleta wenyewe, pamoja na orodha yake, na tutakaa na mtunza maktaba siku mbili mpaka aweze kutofautisha CD ya buluu na DVD ya kuchoma bila kutuuliza. Iringa, kama maktaba haina nafasi, Boma lina kuta nene zinazotunza ubaridi, na makumbusho yameshazoea vitu ambavyo watu walidhani ni takataka.

Tunaomba kabati la kwanza liwe limesimama kabla ya mvua za Novemba.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wakusanyaji wa gemu za diski na kaseti,
Mbeya na Iringa.

Nakala: COSOTA, Tume ya Ushindani (FCC).